Saa ya Ziwa: Mwongozo wa Kupanga Shughuli za Majira ya Joto Kwenye Ziwa la Mlimani

Watu wengi wanaokwenda kupumzika kwenye ziwa la mlimani hufika na orodha ndefu ya mambo wanayotaka kufanya, kisha huyafanya saa yoyote wanayojisikia. Wanalala hadi jua liwe kali, wanastaftahi bila haraka, na inapokaribia saa sita mchana ndipo wanapotia kayaki majini, wakati ule ule upepo unapoamka. Jioni wanarudi wamelowa na kuchoka, wakiamini kwamba ziwa lile ni gumu. Ziwa si gumu. Wamelikuta kwa saa isiyo yake.

Maji yaliyozungukwa na milima yana ratiba yake ya kila siku katika majira ya joto, na ratiba hiyo inatokana na jua, miteremko na baridi iliyolala chini ya uso wa maji. Mwongozo huu unaifuata ratiba hiyo hatua kwa hatua, tangu unapochagua ziwa hadi unapokausha vyombo vyako na kuondoka. Nimekaa zaidi kwenye shughuli za majini, kwa kuwa huko ndiko raha ilipo nyingi na huko ndiko makosa yanakogharimu maisha.

Hatua ya 1: Lijue ziwa lako kabla ya kufunga mizigo

Swali la kwanza ni maji ya ziwa hilo yanatoka wapi, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama utaogelea au utatazama tu. Ziwa linalolishwa na barafuto, yaani barafu ya kudumu inayoteleza polepole milimani, hubaki baridi majira yote. Lake Louise na Moraine Lake, katika milima ya Rocky nchini Kanada, ni maziwa ya namna hiyo. Rangi yao ya feruzi, ambayo watu husafiri mbali kuja kuipiga picha, hutokana na unga laini wa mwamba uliosagwa na barafu, ambao huelea majini na kutawanya mwanga wa buluu na kijani. Ukiiona rangi hiyo, tambua kwamba unatazama maji yaliyokuwa barafu muda si mrefu uliopita, na ujiandae kwa mtumbwi badala ya vazi la kuogelea.

Ziwa lililojaa ndani ya kreta ya volkeno lina tabia nyingine. Crater Lake katika jimbo la Oregon, Marekani, halina mto unaoingia wala unaotoka. Hujazwa na mvua na theluji pekee, na kina chake hufika mita 594. Katika ziwa kama hilo ukingo huwa mkali na kina huanza ghafla, kwa hiyo halimfai mtoto anayejifunza kuogelea. Bwawa lililotengenezwa kwa kuziba bonde nalo lina lake la kuangaliwa: maji yake hupanda na kushuka kadiri yanavyotumiwa. Jiwe ulilorukia mwaka jana kwa usalama huenda mwaka huu lina mita moja tu ya maji mbele yake.

Baada ya chanzo, angalia mwinuko. Kwa wastani joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ziwa kama Tahoe, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,897, liko katika hewa iliyopoa kwa nyuzi kama 12 ikilinganishwa na usawa wa bahari. Usidanganyike na neno joto katika majira ya joto. Beba sweta, kofia ya sufu na koti la mvua hata kama unapoondoka nyumbani jua linawaka.

Mwisho, chagua mwezi kulingana na unachokitaka. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, mwezi Juni maziwa mengi ya milimani bado yanapokea theluji inayoyeyuka. Maporomoko yamejaa, maua yamechanua, na maji hayaogeleki kwa muda mrefu. Uso wa ziwa hupata joto lake kubwa mwishoni mwa Julai na katika Agosti. Katika nusu ya kusini, hesabu hiyo huangukia Januari na Februari. Anayetaka kuogelea na achelewe, na anayetaka kutembea kati ya maua na awahi.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, usifanye makubwa

Ukifika, tembea ukingoni. Tazama wapi mawe yana utelezi, wapi maji yanaingia kutoka mtoni, wapi boti za injini hupita, na wapi utajihifadhi ngurumo zikianza. Uliza wenyeji swali moja lenye thamani kuliko yote: upepo huanza saa ngapi, na hutoka upande gani? Anayeishi kando ya ziwa hulijibu bila kufikiri.

Mwinuko wenyewe unataka heshima. Watu wengi hawapati shida chini ya mita 2,500, lakini juu ya hapo kichwa huweza kuuma, hamu ya chakula ikapotea na usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Kwenye ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, lililo mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi hukuletea karibu theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Kama ziwa lako liko juu kiasi hicho, tumia siku mbili za mwanzo kwa matembezi mafupi, kunywa maji mara kwa mara, epuka pombe, na kama maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua, shuka chini bila kubishana na mwili.

Jua nalo hubadilika. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na ubaridi wa hewa huwadanganya watu kwamba hawaungui. Jipake mafuta ya kukinga jua robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, na uyarudie kila unapotoka majini. Usisahau masikio, nyuma ya shingo na juu ya nyayo, ambako mpiga kasia aliyekaa amenyoosha miguu huungua kuliko mahali pengine popote.

Na maji ya kunywa? Uwazi wa ziwa si ushahidi wa usafi. Vijidudu vya giardia, vinavyosababisha kuhara kwa siku nyingi, havionekani kwa macho na huishi hata kwenye kijito kinachong'aa. Chemsha maji hadi yatokote kwa dakika 1 kamili, na kama uko juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika 3, kwa kuwa huko juu maji huchemka kwa joto la chini zaidi.

Hatua ya 3: Alfajiri, ingia majini kwa kasia

Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, na ningemshauri mtu aliye na asubuhi moja tu kwenye ziwa la mlimani aitumie hivi. Amka kabla jua halijavuka mgongo wa mlima. Usiku kucha hewa iliyopoa imekuwa ikiteremka polepole kutoka miteremkoni, na sasa imetulia. Maji yamelala kama kioo, na mlima umesimama ndani yake kichwa chini, na theluji yake na miti yake yote. Ukitia kasia, ile picha inavunjika kwa duara moja tu, kisha inajiunga tena nyuma yako. Unasikia matone yakidondoka kutoka kwenye ubapa wa kasia. Ndege aliye ng'ambo anasikika kana kwamba yuko kwenye omo ya chombo chako.

Kwa anayeanza, kayaki ya kukalia juu ndiyo chombo chepesi kujifunza, kwa sababu ikipinduka unaweza kuirudia bila kutoa maji ndani. Ubao wa kupigia kasia ukiwa umesimama unataka mizani zaidi. Anza kwa kupiga magoti, jisukume hadi mbali na mawe, kisha simama mguu mmoja baada ya mwingine ukitazama mbele badala ya kutazama miguu. Mtumbwi wa watu wawili unafaa familia, mradi aliye tezi, ambaye ndiye anayeongoza, na aliye omo wakubaliane nani anatoa sauti ya kupiga kasia.

Vaa jaketi okozi na ulifunge. Nasema ulifunge, kwa kuwa majaketi mengi hulazwa nyuma ya kiti kama mto, na mtu akitumbukia jaketi huenda upande wake na mtu upande wake. Kwenye ubao, funga pia ile kamba ya mguuni, maana ubao mtupu husukumwa na upepo kwa kasi kuliko unavyoweza kuogelea. Chukua filimbi, maji ya kunywa, na nguo kavu moja ndani ya mfuko usiopenya maji. Mwambie mtu aliyebaki nchi kavu unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi.

Halafu kuna kanuni ya njia: ambaa na ukingo. Kishawishi cha kukata ziwa katikati ni kikubwa, hasa ng'ambo inapoonekana karibu, na katika hewa safi ya milimani kila kitu huonekana karibu. Niliwahi kuvuka ziwa moja asubuhi ya saa nne kwa muda wa dakika ishirini hivi, nikapumzika ng'ambo kidogo, na nilipogeuza chombo upepo ulikuwa umeshaanza. Kila nilipoacha kupiga kasia kuvuta pumzi, nilirudishwa nyuma. Chombo kilikwenda mrama, mikono ikafa ganzi kwa maji yaliyorushwa na mawimbi, na safari ile ya dakika ishirini ikageuka ya saa moja na nusu. Tangu siku hiyo huanza kwa kwenda upande unaotoka upepo wa mchana, ili ukija unikute narudi na unisukume nyumbani.

Panga kuwa umetoka majini kabla ya saa tano asubuhi.

Hatua ya 4: Kuogelea, na namna ya kuyaingia maji baridi

Wakati mzuri wa kuogelea ni kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri, jua likiwa limeshapasha tabaka la juu la maji na upepo ukiwa bado mdogo. Neno tabaka nimelitumia makusudi. Katika majira ya joto ziwa lenye kina hujigawa kama vile blanketi limetandikwa juu ya godoro baridi: maji mepesi yenye joto hukaa juu, na yale mazito, ambayo katika maziwa yenye kina kirefu hukaribia nyuzi 4, hubaki chini. Simama wima majini mahali penye kina na uache miguu ining'inie. Kifua kitakuwa kwenye maji ya kupendeza na vidole vya miguu vitakuwa kwenye msimu mwingine kabisa. Ndiyo maana anayepiga mbizi kutoka juu ya mwamba hukutana na kitu tofauti na anachokutana nacho anayeingia polepole.

Hatari kubwa katika maji haya ni mshtuko wa baridi, nao hutangulia uchovu. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Mwili ukizama ghafla kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 15, mapafu huvuta pumzi kwa nguvu bila kukuomba ruhusa, na ikiwa kichwa kiko chini ya maji wakati huo, kinachoingia ni maji. Hili humpata mwogeleaji hodari sawasawa na asiyejua.

Gordon Giesbrecht, profesa wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada aliyetafiti baridi kwa miaka mingi, alieneza kanuni fupi ambayo kila anayekwenda ziwani anapaswa kuijua: moja, kumi, moja. Ukitumbukia kwenye maji ya baridi kali una dakika 1 ya kutuliza pumzi, kisha dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, kisha saa kama 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Maana yake ni kwamba katika dakika ya kwanza usijaribu kuogelea. Lala chali, elea, tuliza pumzi hadi uimiliki, ndipo ushike njia ya kutoka. Jaketi okozi ndilo linalokupa nafasi ya kufika kwenye hizo hatua nyingine.

Kwa kuoga kwa raha, fanya hivi. Ingia kwa miguu, si kwa kichwa. Simama maji yakiwa magotini kwa dakika moja, yateke kwa viganja ujimwagie mikononi, kifuani na shingoni, kisha shuka hadi kiunoni huku ukitoa pumzi ndefu. Pumzi ikishatulia, piga hatua ya mwisho. Siku ya kwanza kaa dakika chache tu, na uogelee sambamba na ukingo pale unapoweza kusimama, badala ya kuelekea katikati. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini kwenye ziwa la mlimani budi ipo, na anayehisi pumzi haitulii avae nguo zake na kurudi kesho.

Watoto hupoa haraka kuliko watu wazima, kwa sababu miili yao ni midogo. Watoe mara midomo inapobadilika rangi au wanapoanza kutetemeka, hata wakilia kwamba bado wanataka kucheza. Wavue nguo zilizolowa kwanza, wakaushe, ndipo uwafunike. Blanketi juu ya nguo yenye maji halisaidii kitu. Na mtu mzima anayewaangalia awe na kazi hiyo moja tu, bila simu wala kitabu, na awe karibu kiasi cha kuwagusa ikiwa bado hawajui kuogelea.

Hatua ya 5: Mchana, mpe upepo kazi yake

Jua likishapasha miteremko, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa iliyopoa juu ya ziwa huvutwa kuziba nafasi. Huo ndio upepo uliomhangaisha mpiga kasia, na ndio huo huo anaoungoja mwenye tanga. Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, ni mfano ulio wazi kuliko yote ninayoyajua: upepo uitwao Pelér huvuma kutoka kaskazini tangu usiku hadi asubuhi, kisha mnamo saa sita mchana huupisha upepo uitwao Ora, unaovuma kutoka kusini hadi jua linapokaribia kutua. Watu wa huko hupanga siku nzima kwa majina ya pepo hizo mbili. Mfano huo unafundisha pia kwamba si kila ziwa huwa shwari asubuhi, na ndiyo maana nilisisitiza lile swali la siku ya kwanza.

Ikiwa hujawahi kushika tanga, chukua somo la saa mbili tatu pamoja na mwalimu kabla ya kukodi chombo peke yako. Upepo wa milimani hauvumi kwa mkono mmoja kama wa baharini. Huteremka kwa vishindo kutoka kwenye mabonde ya pembeni, na hugeuka ghafla pale ziwa linapopinda. Jifunze kwanza namna ya kulegeza tanga ili chombo kisimame. Hayo mengine ya kwenda kasi yatakuja.

Wasiopenda tanga na wapumzike. Saa hizi ni za kivuli, kitabu na usingizi, na anayerudi kutoka majini tangu alfajiri huwa ameustahili.

Hatua ya 6: Matembezi ya milimani, na hesabu ya radi

Siku unayotaka kupanda kwenye miamba inayolitazama ziwa, iache kasia ipumzike na uondoke alfajiri. Lengo ni kuwa umeshafika juu na umeanza kushuka kabla ya saa sita mchana. Hewa ile ile inayopanda miteremkoni hubeba unyevu, na alasiri unyevu huo hugeuka mawingu yanayorundikana juu kama pamba, kisha ngurumo. Mara nyingi saa tatu asubuhi anga huwa safi kabisa na saa nane mchana ni mvua ya radi.

Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Sauti hutumia takriban sekunde 3 kusafiri kilomita 1, kwa hiyo sekunde 30 ni kilomita kama 10, na huo ni umbali ambao radi inaweza kukufikia kwa pigo linalofuata. Hesabu ikifika 30 au chini yake, tafuta jengo imara au gari lililofungwa, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hema si kinga, wala mti uliosimama peke yake. Aliye juu ya mgongo wa mlima ashuke mara moja. Aliye majini atoke hata kabla ya kuhesabu, kwa kuwa juu ya maji tambarare kichwa chake ndicho kitu kirefu kuliko vyote.

Wenye watoto au magoti mabovu watafurahi zaidi kwenye njia ya kulizunguka ziwa kuliko ile ya kilele. Njia hiyo ni tambarare, ina mahali pengi pa kukaa, na hukuonyesha ziwa katika sura usizoziona ukiwa majini.

Hatua ya 7: Kuvua samaki

Samaki wa maji baridi, hasa trauti, hupenda maji yenye oksijeni nyingi, na mchana wa joto hushuka kwenye tabaka la chini. Hupanda juu kulisha alfajiri na magharibi, kwa hiyo mvuvi wa saa saba mchana anatupa mshipi kwenye nyumba isiyo na mtu. Simama pale kijito kinapoingia ziwani, au mahali kina kinapobadilika ghafla, ambapo maji huonekana kugeuka kutoka kijani hadi buluu nzito. Pata kibali kabla ya kuvua, na uulize kama chambo hai kinaruhusiwa. Kwenye maziwa mengi hakiruhusiwi.

Kama hutamla, mrudishe vizuri. Tumia ndoana isiyo na kijino, lowesha mikono kabla ya kumshika ili usimwondolee ute unaomkinga na magonjwa, mweke ndani ya maji wakati wote unapomtoa ndoana, na mshike wima hadi apige mkia mwenyewe.

Hatua ya 8: Pima uwazi wa maji pamoja na watoto

Shughuli hii haigharimu chochote, na sijaona mtoto aliyechoshwa nayo. Chukua sahani nyeupe ya bati, ifunge kwa kamba ili ining'inie bapa, ongeza jiwe chini yake ili izame sawasawa, na funga fundo kwenye kamba kila baada ya mita moja. Nendeni kwa mtumbwi, jaketi zikiwa zimefungwa, hadi mahali penye kina, adhuhuri ya siku ambayo ziwa limetulia. Mtoto mmoja ateremshe sahani upande wa kivuli wa chombo, mwingine aitazame. Itakuwa nyeupe, kisha ya kijani hafifu, kisha kama mwezi ulio nyuma ya wingu, kisha haipo. Hesabuni mafundo. Ivuteni taratibu hadi ionekane tena, mhesabu mara ya pili, na mchukue wastani wa hesabu hizo mbili.

Kipimo hicho kilianzishwa na Angelo Secchi, padri na mwanaastronomia wa Italia, mwaka 1865, na wanasayansi hukitumia hadi leo. Ziwa Tahoe limepimwa kwa sahani nyeupe tangu mwaka 1968, wakati ambapo kwa wastani ilionekana hadi kina cha zaidi ya mita 31. Miaka ya karibuni imekuwa ikitoweka kwenye mita 20 hivi, kwa sababu ya vumbi laini na mwani unaokua kwa virutubisho vinavyoingia kutoka nchi kavu. Mtoto aliyeishuhudia sahani ikizama huelewa mara moja kwa nini haturuhusu sabuni ziwani. Hata sabuni inayoitwa ya kuoza haraka hutumiwa mbali na maji, hatua zisizopungua 70 au 80 kutoka ukingoni, ambako udongo utaichuja.

Hatua ya 9: Jioni na usiku

Baada ya jua kuzama, upepo hulala na ziwa hurudi kuwa kioo. Ni saa ya kuingia tena majini kwa kasia kwa muda mfupi, taa ikiwa kichwani na ukingo ukiwa karibu, au ya kukaa tu gatini miguu ikining'inia. Kama moto unaruhusiwa, uwashe kwenye mahali palipojengwa kwa kazi hiyo, na kabla ya kulala umwagie maji, ukoroge majivu, umwagie tena, hadi uweze kuyagusa kwa mkono. Chakula chote kifungiwe mbali na hema.

Kisha zima taa na usubiri dakika 20 macho yazoee giza. Hewa ya mwinuko ni nyembamba na kavu, na mbali na miji Njia Nyeupe huonekana kama moshi uliopakwa angani. Anayekuwa kaskazini mwa dunia mnamo tarehe 12 na 13 Agosti atakuta kilele cha vimondo vya Perseidi. Anayekuwa kusini katikati ya Desemba atapata vile vya Geminidi, na Kilimia kikiwa juu tangu jioni.

Hatua ya 10: Kabla ya kuondoka

Vyombo vyako vinaweza kubeba wageni usiowaona. Kome aina ya zebra na kwaga husafiri kutoka ziwa hadi ziwa wakiwa bado wadogo kiasi cha kutoonekana, ndani ya maji yaliyobaki kwenye kayaki, kwenye matundu ya ubao au katika kamba iliyolowa. Wakishaingia hawatoki, huziba mabomba, hula chakula cha viumbe wadogo wa ziwa, na hufunika mawe ya ukingoni kwa magamba yanayokata miguu ya waogeleaji.

Kwa hiyo, siku ya mwisho, fanya kazi hii bila haraka. Pindua kila chombo na uondoe matope na majani kwa mkono. Mwaga maji yote papo hapo ukingoni, yakiwemo ya ndoo ya chambo. Kisha anika kila kitu juani, majaketi yakiwa wazi, viatu vikiwa vimefunguliwa kamba, ile sahani nyeupe na kamba yake yenye mafundo vikiwa vimetundikwa kwenye tawi, na usivifungashe kwenda ziwa lingine hadi vikauke kabisa.